Dakika Kumi na Saba za Mayai ya Bata

Barua ilikuja ndani ya bahasha ya kaki, imeandikwa kwa mkono, mwandiko wa kusomeka hata ukiwa mlangoni. Nilidhani ni malalamiko. Mtu akinunua mashine yako ya kutotolesha vifaranga kisha akakuandikia, anataka kulalamika. Walioridhika hawana muda wa kuandika.

"Fundi," ilisema, "mimi ndiye niliyenunua mashine yako namba thelathini na moja. Inafanya kazi vizuri. Kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa mgongoni mwake, naomba msimbo chanzo wa programu inayoiendesha. Nimeweka flashi humu ndani. Ni mimi, mwalimu mstaafu, mama uliyemletea mashine siku ya mvua."

Nikaisoma mara tatu. Kisha nikaenda nyuma ya mashine iliyokuwa mezani ikisubiri rangi, nikainama. Kweli, chini ya waya wa umeme kulikuwa na stika nyeupe yenye mistari sita ya maandishi madogo. Stika hiyo nilikuwa nimeibandika mwenyewe, kwa kidole gumba changu, kwenye mashine arobaini na sita. Mpwa wangu aliniletea rundo lake akasema, "Mjomba, kila mashine moja." Nikabandika. Nilidhani ni yale mambo ya umeme, usimwagie maji, usiguse kwa mkono wenye maji. Mstari wa mwisho ulikuwa namba yangu ya simu.

Stika ilisema hivi: programu iliyo ndani ya mashine hii ni huru, na mwenye mashine anayo haki ya kupewa maandishi yake yote kwa aliyemuuzia, akiyaomba.

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi.

Ili mjue kwa nini nilikaa, niwaambie kilichokuwa ndani ya maandishi hayo. Vifaranga vya kuku kila mtu anavitotolesha, hata kwa balbu na boksi. Bata ni habari nyingine. Mama bata hutoka kiotani kila siku akaenda kuoga, akarudi amelowa, akayalalia mayai tena. Mashine lazima imuigize: ipoe kidogo, inyunyize maji, ipashe upya. Ikipoa muda mfupi mno, kifaranga anafia ndani ya ganda akiwa kamili, manyoya na mdomo. Ikipoa muda mrefu mno, vilevile. Miaka minne nilivunja mayai yaliyoharibika nyuma ya karakana, mpaka mke wangu akahamishia jiko upande wa pili wa nyumba kwa sababu ya harufu. Mwaka wa nne nikapata: dakika kumi na saba za kupoa, kila siku, kuanzia siku ya kumi na mbili. Katika mayai kumi, bata tisa. Fundi mwenzangu wa barabara ya pili, tunayemwita Mawimbi kwa jinsi anavyochomelea chuma, akipata watano anaita watu waje kuona.

Hizo dakika kumi na saba ndizo karakana yangu. Plaiwudi kila mtu anakata. Feni kila mtu ananunua. Nikizitoa, nimebaki seremala wa masanduku yenye joto.

Nikafunga duka nikaenda kwa mpwa wangu.

Ni binti wa dada yangu, anatengeneza kompyuta za maofisi katika chumba kimoja juu ya duka la viatu. Nilimkuta amefungua tumbo la printa, vidole vyeusi kwa wino.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeniuza."

"Nani kanunua?"

Nikamtupia barua. Akaisoma akishika pembeni ili asiichafue, kisha akaanza kutabasamu, jambo lililonikera zaidi.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili stika ziko nje, na huyu ndiye mtu wa kwanza kuisoma."

"Hata mimi sikuisoma."

"Najua. Ungeisoma ungekuwa hapa siku ileile."

Akanivutia kiti. Nikamwambia anieleze polepole, kama mdaiwa anavyomweleza mdai wake, na asiruke kitu. Msimbo chanzo ndiyo nini hasa?

"Kilichomo ndani ya bodi ya mashine yako ni unga, mjomba. Bodi inakula unga. Binadamu akiutazama haambulii kitu, na huwezi kuurudisha ukawa punje. Msimbo chanzo ndizo punje. Ni maandishi yenyewe kama nilivyoyaandika, kabla hayajasagwa."

"Na kwa nini mtu baki apewe punje zangu?"

"Kwa sababu si zako peke yako. Sikuianza mimi programu hiyo. Niliichukua kwa watu walioitengeneza kwa ajili ya vyumba vya kukaushia mbao. Waliiweka wazi, maandishi na yote, mtu yeyote achukue, abadilishe, hata auze. Sharti lao moja. Ukimpa mtu mwingine programu hiyo, mpe na nafasi uliyopata wewe. Naye aweze kuisoma, naye aweze kuibadilisha."

"Wao wanafaidika nini?"

"Na wewe ulipoichukua bure uliuliza hivyo?"

Halafu nikaanza kuutafuta mlango wa uani, maana kila nyumba ina mlango wa uani.

"Ile mashine kubwa ya pale karakana, ninayototoleshea bata wangu mwenyewe. Nayo natakiwa kumwonyesha mtu?"

"Hapana. Ukiitumia mwenyewe, ibadilishe utakavyo, hakuna wa kukuuliza."

"Watu wakiniletea mayai yao, nikayatotolesha kwangu, wakachukua vifaranga?"

"Hapana pia. Wameondoka na vifaranga, hawakuondoka na programu."

Nikaona mwanga. "Basi nikikodisha. Siuzi, nakodisha. Mashine inabaki yangu, imelala tu kwa mtu."

Akatikisa kichwa. "Leseni yao, yaani lile sharti, inahesabu kuwa umempa. Programu imetoka mkononi mwako imeingia mkononi mwake."

"Nikiinunua tena mashine ya mwalimu, nimrudishie fedha zake?"

"Bado kuna wengine arobaini na tano, mjomba, na wote wana migongo yenye stika."

"Namba zangu je?" nikasema. "Zile dakika. Zile si za watu wa mbao. Nilizilipia kwa pua yangu, miaka minne."

Hapo akaacha printa. Akachukua kitambaa akafuta vidole kimoja kimoja, na dada yangu naye hufanya hivyo kabla ya kusema jambo asilotaka kulisema.

"Ni zako kweli. Na zingebaki kichwani mwako, hakuna leseni inayoingia kichwani mwa mtu. Zamani mashine zako zilikuwa na swichi za kuzungusha. Ulikuwa unakwenda kwa mteja, unafukuza watu chumbani, unazungusha, unaondoka. Ulikuwa salama. Halafu ukamkuta yule mzee ameweka alama za kalamu pale swichi iliposimama."

"Mwizi yule."

"Ukaja hapa, ukakaa kwenye kiti hichohicho. Ukaniambia nitoe swichi zote, namba nizichimbie ndani ya programu mahali ambapo hata shetani mwenyewe hazioni. Nikazichimbia. Sasa ni sehemu ya programu, na programu ndiyo inayoombwa."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia. Nilikusomea leseni ukurasa mzima. Ukasema, 'Wewe andika, mimi nabandika.'"

Nilikumbuka. Nilikuwa na haraka ya kwenda kununua bawaba.

Nikauliza swali la mwisho: nikikataa? Akasema ruhusa yangu inakufa. Sitaweza kuuza tena mashine yenye programu hiyo, hata moja. Anaweza kuniandikia nyingine kuanzia mwanzo, bila kitu cha watu wale, labda kwa mwaka mzima akipata nafasi, na hizi zilizokwisha toka bado zitadai maandishi yake. "Na juu kabisa ya maandishi," akasema, "pameandikwa jina langu. Si lako."

Nikaondoka. Nyumbani nikamweleza mke wangu, aliyesikiliza yote huku anakunja nguo.

"Mficha uchi hazai," akasema.

"Mimi nimeshazaa. Wanne."

"Basi huna cha kuficha."

Mpwa wangu nilimwomba jambo moja: anichapie maandishi yote kwenye karatasi. Sikuwa tayari kumpa mtu kitu nisichokijua. Akaniletea kurasa sitini na mbili. Shule niliiacha darasa la saba, na mimi husoma kama ninavyopiga randa, polepole na kurudia. Siku mbili nilikaa nazo kwenye meza ya kazi. Sehemu kubwa sikuielewa, mabano na vifupisho vya Kizungu. Lakini katikati ya mistari, mpwa wangu alikuwa ameandika maneno ya kawaida kabisa, ya kujikumbusha, kila mstari ukianza na mikwaju miwili, vile vistari vilivyolala kiupande. Aliniambia mashine huiruka mistari hiyo. Ni ya binadamu tu.

Mmoja ulisema: Hapa mjomba anataka feni izime kabla ya maji. Nimemuuliza kwa nini, amesema kwa sababu.

Mwingine: Mjomba amebadilisha mawazo mara ya tatu. Nimeacha ile ya kwanza hapa chini, najua ataitaka tena.

Na ukurasa wa arobaini na moja: Dakika 17. Si 15 wala 20. Amekataa kusema sababu. Nadhani haijui.

Niliutazama mstari huo muda mrefu, na chai ikapoa.

Maana alikuwa amesema kweli. Mwaka ule wa nne nilikuwa napoza mayai dakika kumi. Siku ya kumi na mbili nikafungua kifuniko, na wakati huohuo Mawimbi akaingia kudai jiliwa lake la kubania chuma nililoazima. Tukagombana. Jiliwa lenyewe lilikuwa limepinda, nikamwambia limepinda kwa kuona anavyochomelea. Alipoondoka nikatazama saa ya ukutani: dakika kumi na saba, kifuniko wazi. Nikaogopa kubadili katikati, nikaendelea na kumi na saba mpaka mwisho. Wakatoka tisa katika kumi. Tangu siku hiyo sikujaribu kumi na sita wala kumi na nane. Kitu kikikukubali hukichokonoi. Siri yangu yote ilikuwa urefu wa ugomvi.

Jumamosi nikachukua flashi, maandishi yote yakiwa ndani, nikaenda kwa mwalimu mwenyewe. Sikutaka kuituma. Nilitaka kumwona usoni nikimuuliza, kwa sababu nilikuwa na uhakika kwamba nyuma yake yupo Mawimbi.

Ni mama wa makamo ya kustaafu, mfupi, miwani imening'inia kwa kamba. Alinipeleka stoo, chumba cha bati chenye dirisha moja. Mashine yangu ilikuwa juu ya dawati la shule. Ukuta mzima ulikuwa na karatasi za miraba zenye mistari inayopanda na kushuka.

"Karibu, fundi. Sikutegemea uje na miguu yako."

"Nani amekutuma, Mwalimu?"

"Nimestaafu. Hakuna anayenituma popote tena, ndiyo raha yake."

"Humjui fundi Mawimbi?"

"Namjua. Alikuja mwezi jana kuniuliza mashine yako inapoza mayai dakika ngapi. Nikamwambia kumi na saba."

Nilihisi masikio yanapata moto. "Umejuaje?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza mbili na mbili. "Fundi, kila siku saa nne asubuhi mashine inanyamaza. Feni kimya, hita kimya. Nilikaa hapa na saa yangu ya mkononi. Dakika kumi na saba. Kesho yake tena. Wiki ya pili tu nilikuwa nayo." Akanionyesha daftari. Ilikuwa imeandikwa pale, tarehe na yote, namba iliyonifanya nivunje swichi za mashine zote na kuhamia kwenye programu. Imeandikwa kwa penseli.

Nikajikuta nimekalia kiti chake bila kukaribishwa.

"Sasa ulikuwa unaniomba nini?"

"Sababu," akasema. "Kwa nini kumi na saba? Miaka thelathini nimefundisha sayansi, sijapata kuona namba ya namna hiyo ikajitokeza bila kisa. Chumba changu kina bati, cha jirani, naye ana mashine yako, kina dari, na mashine zote mbili zinapoza sawasawa. Nikasema, huyu fundi anajua kitu. Nikaona stika. Nikasema, kitakuwa kwenye maandishi."

Tayari alikuwa ameipokea flashi na kuichomeka kwenye kompyuta yake ndogo. Nilitaka kumwambia asitafute, lakini alikuwa anasoma kwa kasi, kidole kikitembea kwenye skrini. Akafika. Akasoma kwa sauti, kwa ile sauti ya darasani: "Amekataa kusema sababu. Nadhani haijui."

Akashusha miwani. "Nani huyu?"

"Mpwa wangu."

"Ni kweli?"

Ningeweza kudanganya. Fundi hakosi maneno. Ningesema ni unene wa ganda, ni mafuta, ni mwezi. Lakini mama yule alikuwa ameshika penseli, na nilijua chochote nitakachosema ataenda kukipima.

"Ni kweli," nikasema, nikamsimulia habari ya jiliwa.

Hakucheka mara moja. Kwanza aliandika. Kisha ndipo akacheka, akavua miwani kabisa, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Kwa hiyo mngegombana dakika tano zaidi..."

"Nisingekuwa na karakana."

"Au ungekuwa na nzuri zaidi," akasema. "Hujui. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

Kuhusu Mawimbi, niseme yaliyompata. Alitengeneza mashine tatu za bata kwa dakika kumi na saba zangu. Milango yake haikai, masanduku yanavuja hewa kila kona, na akipoza dakika kumi na saba, mayai yanapoa kupita kiasi. Alibaki na watano wake katika kumi. Nilipopita kwake aliniambia nimempa mwalimu namba ya uongo kwa makusudi. Nikamwambia achomelee vizuri. Ndiyo salamu zetu.

Mimi niliendelea kuuza, si zaidi wala pungufu. Waliosoma stika baada ya mwalimu ni wawili, nikawapelekea flashi, na mmoja wao alinirudishia maandishi yakiwa na kosa la unyevu limesahihishwa. Kosa hilo lilikuwa letu tangu mwanzo.

Miezi mitano baadaye mteja akaniuliza kwa nini bata wa mwalimu mstaafu wanatoka wote. Nikasema haiwezekani. Akasema kaona mwenyewe, trei nzima, ganda moja tu halikufunguka. Nikapanda ngazi za duka la viatu mbiombio.

"Amebadilisha programu," nikamwambia mpwa wangu. "Amegusa dakika zangu. Sasa ni zamu yake. Atoe maandishi."

"Amemuuzia mtu mashine?"

"Hapana."

"Amempa mtu programu hiyo? Amemkodisha?"

"Hapana. Anauza bata."

"Bata hawana msimbo, mjomba." Alikuwa anafurahia, hata hakuficha. "Anaitumia nyumbani kwake. Hana wajibu wa kukupa hata nukta. Kama ilivyo ile yako kubwa pale karakana."

Mkuki kwa nguruwe. Nilishuka ngazi taratibu kuliko nilivyopanda.

Nilitafuta mlango wa uani siku nzima, nisiuone. Hapakuwa na stika. Hapakuwa na sharti. Na bado nilitaka kujua, na sikutaka kwa ajili ya kuuza, au si kwa ajili hiyo tu. Nilikuwa naamka nimeliwaza jambo hilo. Ni ngapi? Chini ya kumi na saba au juu?

Nikanunua bahasha ya kaki. Barua ya mwisho kuandika ilikuwa ya kumposa mke wangu, na hiyo nayo aliniandikia shemeji. Nikaandika: "Mwalimu, najua hakuna karatasi inayokulazimisha. Nimeuliza. Naomba tu. Nimeweka flashi humu ndani. Ni mimi, fundi."

Flashi ilirudi baada ya siku nne. Mpwa wangu akaifungua, tukaenda ukurasa wa arobaini na moja. Ile namba 17 haikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na mistari kumi hivi ambayo sikuielewa, na juu yake mistari mitatu yenye mikwaju miwili, ya binadamu:

Chumba kikiwa na joto, dakika 21. Kikiwa na baridi, 13. Mashine ipime hewa ya nje kwanza, iamue yenyewe.

Ile 17 ya fundi ilikuwa katikati kwa bahati tu.

Sababu: bado siijui. Fundi aje Jumamosi saa nne kasoro, na saa yake, tupime ganda linavyopoa.

Mpwa wangu alianza kunieleza ile mistari kumi. Nikamwambia asubiri. Nilikuwa nawaza saa yangu ya mkononi niliiweka wapi.